Kipanga na Beti Tisa

Hapo baadaye sana, katika kale ambayo bado haijafika, palikuwa na nchi moja isiyo na jina. Si kwamba haikuwahi kupewa. Ilipewa majina matatu, na kila kiongozi mpya alikuja na lake. Hili la mwisho lilikuwa limepelekwa wizarani kufanyiwa ukarabati, na wananchi waliombwa wavumilie kwa miaka michache. Walivumilia. Ndiyo kazi waliyoizoea kuliko zote.

Nchi hiyo ilikuwa na sayari moja, miezi miwili na vita vya kudumu. Vita vilipiganwa kwenye mwezi wa pili, uitwao Kijaluba, ambao uliwekewa hewa na mradi wa maendeleo. Hewa yenyewe ilikuwa nyepesi na ilinuka rangi mbichi, lakini ilizinduliwa kwa kukatwa utepe, kwa hiyo kila mtu alipaswa kuivuta kwa shukrani. Wenyeji wa kaskazini ya mwezi huo walisema hawautaki mradi wala utepe. Wakajitenga, wakaufuta na wimbo wa taifa. Serikali ikawapa jina la Wasioelewa, ikapeleka jeshi likawaeleweshe.

Huko Kijaluba ndiko alikokuwa Luteni Siwema Kaoneka, rubani wa Kipanga.

Kipanga ilikuwa ndege ya kivita ya kusaidia askari wa miguu. Haikutengenezwa ipae mawinguni kushindana na ndege wenzake. Ilitengenezwa ishuke chini, chini kabisa, hadi rubani aone rangi ya viatu vya adui, kisha imwage moto mbele ya mahandaki ili walio ndani wapate kupumua. Wahandisi walioichora walikuwa watu waliowahi kulala handakini wenyewe. Waliipa mabawa mafupi mapana, injini nne ili mbili zikifa mbili ziirudishe nyumbani, bakuli la chuma kinene la kumkinga rubani, na mzinga mmoja mrefu puani. Ilikuwa ndege mbaya kwa sura na nzuri kwa kazi.

Kisha ndege ikapelekwa kwenye Kamati.

Kamati iliona haraka kwamba ndege hiyo haikuwa na kiti cha mgeni rasmi. Kikawekwa, cha ngozi nyekundu, nyuma ya rubani. Iliona pia kwamba tumbo la ndege, ambalo ndilo wananchi wengi wangelitazama kutoka chini, halikuwa na picha ya Mheshimiwa Mlezi, kiongozi wa nchi. Picha ikachorwa. Chuma kinene kilikataa kushika rangi, basi chuma kikatolewa, likawekwa bati laini. Mjumbe mmoja aliuliza itakuwaje adui akipiga risasi. Akajibiwa kwamba hakuna kiumbe mwenye akili atakayeupiga risasi uso wa Mheshimiwa. Mjumbe huyo hakuonekana kwenye kikao kilichofuata, na akidi ilitimia bila yeye.

Mwisho mzinga uling'olewa, mahali pake vikafungwa vipaza sauti vinane. Ilikuwa kwa muda tu, hadi sherehe zipite. Lakini katika nchi ile sherehe zilikuwa hazipiti. Zilikuwa zinapokezana.

Zilikuwa zimetengenezwa Kipanga kumi na mbili. Kumi na moja ziliegeshwa kuzunguka uwanja wa taifa, zikawa zinapendeza sana. Ya kumi na mbili ilipelekwa vitani.

*

Inafaa kusema neno kuhusu wimbo, maana bila wimbo hadithi hii isingekuwepo, na watu arobaini na mmoja wangekuwepo.

Wimbo wa taifa ulitungwa na Mheshimiwa Mlezi mwenyewe. Ulikuwa na beti tisa, na ubeti wa kwanza ulikwenda hivi:

Nchi yetu twakupenda,
Juu yako tumepanda,
Hata risasi zikenda
Wima tutasimamia.

Mizani ilitimia na vina vilikaa mahali pake. Zaidi ya hapo mtu mwaminifu hana cha kusifu. Kuuimba wote kulichukua dakika nne na sekunde kumi, na Sheria ya Kusimama ilisema kwamba wimbo ukisikika, popote, kila raia asimame wima, mkono kifuani, mpaka beti zote ziishe. Daktari wa upasuaji aliweka kisu chini na mgonjwa akangoja akiwa wazi. Anayezama majini alitakiwa angalau anyooshe shingo.

Siwema aliielewa sheria hiyo siku moja shuleni, alipokuwa na miaka kumi na miwili na mdogo wake Mrisho minane. Walikuwa mstarini, wimbo unaimbwa, na Mrisho alikuwa amesimama juu ya njia ya siafu. Siafu walimpanda miguuni, wakaingia ndani ya kaptura. Machozi yalimtoka lakini mwili haukutikisika. Siwema alimvuta shati kwa siri.

"Toka hapo," alimnong'oneza.

"Bado beti mbili, dada," alijibu Mrisho, bila kugeuza shingo.

Mwalimu alimpa zawadi ya rula mbele ya shule nzima. Mama aliwatoa siafu mmoja mmoja kwa kucha, na vichwa vyao vilibaki kwenye ngozi kwa wiki nzima. Mrisho aliitunza rula ile hadi alipoingia jeshini. Alikuwa kijana wa namna hiyo. Ukimwambia jambo ni sahihi, analifanya mpaka mwisho.

*

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, redio ya makao makuu ya Kijaluba ilikoroma.

"Kijaluba Kuu, Kijaluba Kuu, hapa Bonde la Kwato."

Siwema, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la marubani, aliinuka. Ilikuwa sauti ya Mrisho, ambaye sasa alikuwa Koplo, mwenye miaka ishirini na mitatu.

Mkuu wa kambi, Brigedia Pambe Kisanji, aliivuta maikrofoni karibu na masharubu yake. Brigedia alikuwa na shahada nne za heshima, na moja ya kusomea ambayo hakuimaliza.

"Koplo, umeanza bila kaulimbiu."

"Afande, wako mita mia mbili, wametuzunguka pande..."

"Kaulimbiu, Koplo."

Mrisho akaitamka. "Mlezi wetu."

"Taa yetu," wakaitika wote chumbani, na Siwema naye, mdomo ukifanya kazi peke yake.

"Vizuri. Sasa itifaki."

Kanuni za jeshi lile zilisema kwamba askari anayeomba msaada wa ndege ni sawa na mtu anayehutubia taifa, na anayehutubia taifa hana budi kuwatambua viongozi kwanza, kwa vyeo na kwa mpangilio, kuanzia juu. Walikuwa viongozi kumi na wanne.

"Afande, naomba niseme tu itifaki imezingatiwa."

"Hiyo ni kuanzia cheo cha Meja, kijana. Yupo Meja hapo?"

"Yupo, afande. Amefariki."

"Basi hawezi kusema. Endelea wewe."

Mrisho akaanza. Alimtambua Mheshimiwa Mlezi, Baba wa Miezi Miwili. Alimtambua Mama Mlezi. Alimtambua Spika wa Bunge la Sayari, na Jaji Mkuu, na Mnadhimu Mkuu. Katikati ya majina kulisikika mlipuko, na mtu akipiga kelele ya kumwita mama yake, na Mrisho alipandisha sauti ili majina yasipotee. Alifika kwa wa tisa.

"Waziri wa Upepo, Mheshimiwa Kidawa Ngole..."

"Daktari," alisema Brigedia.

"Afande?"

"Mheshimiwa Daktari Ngole. Ametunukiwa Jumanne. Anza upya."

"Afande, habari za Jumanne hazijatufikia. Tuko handakini tangu Jumapili."

"Ndiyo maana nakusaidia. Anza upya, taratibu, usimeze maneno."

Siwema alipiga saluti. "Afande, mimi niko tayari. Nikiruka sasa nafika kwa dakika tisa."

Brigedia alimtazama kwa huruma ya kweli. "Luteni, hakuna aliyekuomba. Huyu bado hajafika kwenye ombi."

Mrisho alianza upya na akamaliza wote kumi na wanne, na daktari kwenye nafasi yake. Sauti ilikuwa imekauka. "Kwa heshima na taadhima, sisi askari arobaini na watatu wa Bonde la Kwato tunaomba Kipanga."

"Ombi limepokelewa kwa moyo mkunjufu," alisema Brigedia, naye akaandika. "Litafikishwa kwenye Kamati, itakayokaa Alhamisi, akidi ikitimia."

"Leo Ijumaa, afande."

"Umesema kweli, na hiyo inaonyesha kwamba vijana wetu mko macho."

Redio ilikoroma tena. "Afande, dada yangu yupo hapo?"

"Mazungumzo ya kifamilia hayaruhusiwi mitamboni."

"Sawa, afande. Basi mwambieni rubani wa Kipanga, simjui ni nani, kwamba akija asitutafute sana. Tuna kofia nyeupe. Na mwambieni ale, maana namjua, akiwa na wasiwasi hali."

*

Bandani, Kipanga ilikuwa inaoshwa kwa ajili ya sikukuu. Fundi Lugendo, mzee mfupi aliyewahi kuwa msaidizi wa wale wahandisi wa mwanzo, alikuwa chini ya tumbo la ndege, akimsugua Mheshimiwa meno kwa brashi.

"Mzee Lugendo, mzinga uko wapi?"

"Mzinga upi? Hakuna mzinga hapa, Luteni. Kuna bomba la maji pale chini ya turubai. Nalipaka grisi kila wiki lisipate kutu."

"Hilo bomba linaweza kufungwa kwa muda gani?"

Mzee alitoka chini ya ndege, akamwangalia usoni, kisha akaiweka brashi kwenye ndoo. "Kwa fundi mwenye adabu, siku mbili. Kwangu mimi, saa moja. Ni nani yuko huko?"

"Mrisho."

"Yule aliyenisaidia kusukuma tela kwenye matope? Nipe ile spana kubwa, mwanangu."

Walianza kazi. Vipaza sauti vinne vya katikati vilitoka, vinne vya pembeni vikabaki kwa kuwa viliunganishwa na mwili wa ndege kwa kulehemu. Mzinga ukarudi mahali ulipozaliwa. Mzee alipoufuatilia waya wa kifyatulio, alisimama kwenye kijisanduku cheusi kilichofungwa kwa lakiri ya wizara.

"Hiki nini?" aliuliza Siwema.

"Kilikuja na ndege. Waya unapita humo. Nimetaka kukifungua tangu mwaka juzi, ila karatasi yake inasema ukivunja lakiri injini zote nne zinazima."

"Na ndani kuna nini?"

"Karatasi imeandika neno moja. Heshima."

"Hiyo tunayo ya kutosha," alisema Siwema. "Haitanizuia."

Alipanda. Mlango wa rubani ulikataa kufunga mpaka alipogeuka na kukipigia saluti kiti chekundu kilichokuwa kitupu. Mzee Lugendo alifungua milango ya banda kwa mikono yake mwenyewe, akakaa pembeni, akavua kofia. Hakumpungia. Alikuwa tayari anafikiria maneno atakayomwambia Brigedia.

*

Kwa dakika nane Siwema alikuwa na furaha. Ni lazima isemwe, kwa sababu hakuipata tena. Kipanga ilitambaa juu ya mawe ya Kijaluba kwa urefu wa nyumba, vumbi jekundu likifumuka nyuma yake, na mzinga ulikuwa mzito puani kama wahandisi walivyotaka. Alijiambia atapita mara tatu. Ya kwanza kuwalaza chini, ya pili kuwatawanya, ya tatu kwa ajili ya Mrisho.

Akaingia bondeni. Kofia nyeupe zilionekana mara moja, zimejipanga kwenye handaki kama meno. Mita mia mbili mbele yao, ukingoni, walikuwa wamelala Wasioelewa, wengi mno. Walipoiona ndege wakafyatua, na risasi ya kwanza ilimpata Mheshimiwa shavuni. Handakini watu walirusha mikono. Siwema aliona midomo yao ikifunguka.

Alielekeza pua kwenye ukingo, akabonyeza kifyatulio.

Nchi yetu twakupenda, ikaimba Kipanga.

Ndani ya kijisanduku cheusi palikuwa na kifungu cha kumi na saba cha Kanuni za Heshima, kisemacho kwamba silaha ya taifa haiwezi kuongea kabla ya wimbo wa taifa. Mzinga ulikuwa umefungwa kwa dakika nne na sekunde kumi. Vipaza sauti vinne vilivyobaki vilitosha kabisa. Bonde la Kwato lina kuta ndefu, na kila neno lilisikika mara mbili.

Handakini, mtu mmoja alisimama. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, kama lilivyokuwa tangu utoto. Alivua kofia, akaweka mkono kifuani. Wenzake walimtazama, kisha mmoja mmoja wakainuka, wote wenye miguu mizima, vifua na vichwa vikatokeza juu ya ukingo wa handaki, kwa sababu walikuwa wamefundishwa hivyo tangu wakiwa wadogo kuliko bunduki zao, na kwa sababu Koplo alisimama.

Wasioelewa walikuwa wameufuta wimbo huo. Walibaki wamelala.

Siwema alishika redio. "Laleni chini. Mrisho, lala. Lala chini, mdogo wangu." Lakini wimbo ulikuwa unapita kwenye mawimbi yote ya redio, kama sheria ilivyotaka, na alichokisikia masikioni mwake ni ubeti wa pili:

Mlezi wetu ni taa,
Kiza chote chatwambaa,
Na hata tufe kwa njaa
Nyimbo tutamuimbia.

Akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha urubani. Aliishusha Kipanga kati ya ukingo na handaki, chini hadi bawa likachora mstari kwenye vumbi, akapita polepole kama ukuta, ili risasi zimpate yeye. Bati lilipasuka. Injini moja ilikufa, kisha ya pili. Aligeuza, akapita tena. Kila alipogeuza, nafasi ilibaki wazi kwa sekunde ishirini, na kila alipotazama upya, mstari wa vichwa ulikuwa na mapengo zaidi. Kwenye ubeti wa sita walikuwa kumi na mmoja. Kwenye ubeti wa saba Mrisho alikuwa bado wima, na midomo yake ilikuwa inaimba.

Ubeti wa nane haukumkuta.

Wimbo uliisha. Kufuli la heshima likafunguka, na mzinga wa Kipanga, baada ya miaka minne ya grisi na turubai, ulifanya kazi vizuri kabisa. Ulipiga ukingo wote kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wasioelewa walikuwa wameshaondoka.

*

Redio ya taifa iliutangaza Ushindi wa Kusimama. Ilielezwa kwamba Kipanga iliruka kwa amri ya Brigedia Kisanji, aliyepandishwa cheo siku hiyo hiyo, na kwamba kijisanduku cha heshima, kilichotiliwa shaka na watu wachache wasioitakia nchi mema, kilithibitisha ubora wake katika mazingira halisi ya vita. Kamati ilikaa Alhamisi, akidi ikatimia, na ombi la Koplo Mrisho Kaoneka likakubaliwa kwa kauli moja.

Watu wawili tu walitoka hai bondeni. Walikuwa wamevunjika miguu tangu Jumapili. Walishtakiwa kwa kutosimama, wakaachiwa baada ya kuleta vyeti vya hospitali. Fundi Lugendo alihamishiwa uwanja wa taifa, kufuta vumbi zile kumi na moja.

Siwema alipewa medali. Alialikwa kwenye mazishi ya kitaifa, safu ya mbele, karibu na majeneza arobaini na moja. Mama yake aliketi kando yake, rula ya Mrisho mapajani. Mheshimiwa Daktari Ngole alihutubia kwa niaba ya Mlezi, akawatambua viongozi wote kumi na wanne, akasema marehemu wametufundisha kwamba risasi humpata aliyesimama lakini aibu humpata aliyelala. Watu walipiga makofi. Kisha bendi ikapiga wimbo.

Uwanja mzima uliinuka. Mama aliinuka. Siwema alibaki ameketi.

Kesi ilisikilizwa wiki iliyofuata. Hakuulizwa kuhusu kuruka bila kibali, kwa kuwa kibali kilikuwa kimeshapatikana kwa tarehe ya nyuma. Alishtakiwa kwa kiti tu.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, mtu mpole mwenye miwani, "mahakama inataka kukusaidia. Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Hukusikia wimbo?"

"Nilisikia. Niliupiga mimi kabla ya bendi."

"Basi kwa nini hukusimama, wakati kila mtu amesimama?"

"Waliosimama tulikuwa tunawazika, mheshimiwa."

Hakimu aliandika jibu hilo, kisha akalifuta, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake. Alivaa upya miwani na kutangaza miaka tisa, mmoja kwa kila ubeti. Na kama ilivyo ada kabla ya hukumu kugongwa muhuri, karani alibonyeza mashine na wimbo ukaanza.

Mahakama ilisimama. Siwema hakusimama. Askari magereza wawili walimjia, mmoja kila kwapa, wakamwinua, wakamshikilia hewani kama nguo iliyoanikwa. Miguu yake iligusa sakafu lakini hakuipa kazi. Beti zilipita moja moja. Wa kulia alikuwa kijana, pengine miaka ishirini na mitatu, na mzigo ulianza kumlemea. Jasho lilimtoka, akainamisha mdomo kwenye sikio la Siwema, asionekane.

"Jikaze kidogo, dada," alinong'ona. "Bado beti mbili."